Mvua Inasingiziwa

Wiki jana tena. Nimekaa barazani Mji wa Kale, kahawa tungu mkononi, mzee mmoja akaniuliza kazi yetu ya kuhifadhi paa kongwe la stesheni ya reli imefika wapi. Kabla sijajibu akanipa dawa: "Mwanangu, bati linaliwa na mvua. Lipakeni rangi nzito juu mmalize." Nikamwambia, "Ndiyo, ami," maana mkubwa habishiwi mbele za watu. Hapa nitabisha.

Reli ya mita (mita moja kati ya vyuma vyake viwili) ilianza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, na mapaa yake makongwe yanaoza kwa namna moja. Upande wa juu, unaopigwa na masika kila mwaka, zinki, ule mvao unaolinda bati, imefifia lakini ipo. Geuza bati lilo hilo. Chini yake, mahali ambapo tone la mvua halijawahi kufika, kutu inabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri.

Mlaji ni chumvi ya baharini. Kusi inaileta, kaskazi inaileta. Juu mvua huiosha. Chini haina wa kuiosha, inarundikana miaka nenda miaka rudi. Tena chumvi haingoji mvua ili ilowe. Ile ya mezani hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikayeyuka unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa Mombasa hapo tunapapita bila jasho (jasho lenyewe ni letu). Ya bahari imechanganyika na kloridi ya magnesiamu, ambayo huanza kuyeyuka kwenye asilimia 33 tu. Kwa hiyo chuma cha kule chini ni nadra kukauka, hata Januari jua likiwaka. Zinki nayo hujivika ngozi ya kujilinda, na ngozi hiyo hutaka kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ikilala na chumvi mbichi kila siku, haishiki.

Kijana wangu mmoja hakuamini. Nikapitisha kidole juu ya kenchi, ile fremu ya chuma inayobeba paa, nikakilamba: chumvi tupu. Msiige. Rangi nyekundu ya chini kwenye mapaa haya mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ndiyo maana sitaki kuona mtu anaipiga msasa mkavu.

Sasa paka rangi juu ya chumvi hiyo. Umeifungia ndani na chakula chake. Haichukui muda, malengelenge. Utaratibu ni huu: osha, kwangua mpaka chuma king'ae, osha tena, praima ya zinki (rangi ya kwanza) siku hiyo hiyo, epoksi (rangi ngumu ya katikati), kisha rangi ya kustahimili jua. Kuosha kwa mara ya pili ndiko wanakoruka wote. Na muoshe kwa maji ya mfereji jamani, visima vyetu vingine ni bahari ndogo.

Kinachoninyima usingizi ni ribiti, zile pini za chuma zinazobana bapa za kenchi pamoja. Kutu ni nene mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikiingia kati ya bapa mbili huzipanua. Nimeona mwanya wa kupitisha sarafu ya shilingi ishirini, na kichwa cha ribiti kimeruka chenyewe. Ukiifungua kenchi, unatoboa ribiti za asili na kuharibu kile ulichoitwa kukihifadhi. Ukiiacha, kutu inaendelea kula gizani. Nimefanya yote mawili, na yote mawili nimeyajutia.

Anayesema "paka tu" akumbuke Charing Cross, London, Desemba 5, 1905. Sehemu ya paa la stesheni ilianguka, watu 6 wakafa. Ilikatika fimbo moja ya chuma, ile inayozuia kenchi isitanuke, kwa kasoro iliyokuwa ndani ya kiungio chake. Kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana nikipewa chuma kilichopakwa kikapendeza, huanza kukigonga kwa nyundo nisikilize.

Kwa sasa tunaosha paa kwa chini, kwa mpira, kaskazi ikiisha na kusi ikiisha. Nguvu ya maji ndogo, isije ikaisukumia chumvi ndani ya viungio. Hata hivyo sina imani kamili kwamba haiingii. Juzi mama muuza viazi karai alisimama akatutazama kitambo, akauliza: "Fundi, paa mwalimwagilia maji ndani, mmepanda nini?"