Kichwa Kinachouma Kabla ya Upasuaji wa Anyurizimu: Dhana Potofu na Ukweli

Katika familia nyingi za Lubumbashi, mtu akishaambiwa kwamba skana imeonyesha anyurizimu, yaani mshipa wa damu wa ubongo uliotuna kama kiputo, kila maumivu ya kichwa yanayomjia hubebeshwa kiputo hicho. Ukweli ni kwamba takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanacho, na wengi wao hawahisi lolote. Anayesubiri upasuaji anaweza kuumwa kichwa kwa kipandauso, kwa malaria, kwa mkazo wa misuli ya shingo, au hata kwa dawa za kutuliza maumivu zenyewe, akizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi.

Dhana nyingine hudai kwamba ukali wa maumivu hupima ukubwa wa kiputo. Sivyo. Kumtaka mgonjwa ataje namba kati ya 0 na 10 kunasaidia, lakini ni nusu ya kazi: aulizwe pia maumivu yalianzaje, yalifika kileleni baada ya muda gani, humjia mara ngapi na amemeza nini. Daftari la kawaida la shule, likiandikwa kila siku, hujibu vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu mwenye hofu. Litafaa hata baadaye, kwa kuwa upasuaji hulenga kuzuia damu isivuje, wala hauahidi kwamba kichwa kitaacha kuuma.

Dhana ya hatari zaidi ni hii: «amezoea kuumwa kichwa, tungoje kesho». Maumivu yanayolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika 1 yachukuliwe kuwa damu imevuja mpaka vipimo vikanushe, hata yakipungua yenyewe. Vivyo hivyo kope ikishuka, mboni ya jicho moja ikipanuka, au mgonjwa akianza kuona vitu viwiliviwili. Shingo ikikakamaa na kutapika kukiandamana nako, watu hukimbilia kusema ni malaria. Lakini katika mji ambao malaria ni ya kila siku, kipimo chake kikionyesha vimelea hakiondoi uwezekano wa damu kichwani. Asipewe aspirini. Apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu skana huiona damu vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo, na picha zake za zamani ziende pamoja naye.