Ikweta ya Kayabwe haikupunguzi mwili, na dhana nyingine kuhusu uzito

“Ukisimama kwenye mstari wa ikweta, uzito wako unapungua kwa asilimia 3.” Hii huvuma sana kuhusu Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, pale wageni wanapopigia picha ndani ya lile duara jeupe. Chembe ya ukweli imo. Dunia inajizungusha, na kiunoni imefutuka: kutoka kitovuni hadi ikweta ni mbali kwa kilomita 21 hivi kuliko hadi kwenye ncha. Kwa sababu hizo mbili uvutano wa ikweta ni nyutoni (kipimo cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma) 9.78 kwa kila kilo, na wa nchani 9.83. Hiyo ni nusu ya asilimia moja tu, tena kati ya ikweta na ncha za dunia, si kati ya upande huu wa barabara na ule. Aliyetoka Kampala asubuhi hajapunguza kitu isipokuwa nauli.

Hapohapo Kayabwe kuna mabeseni yenye tundu chini. La kaskazini maji yanazunguka huku, la kusini kule, na la katikati yanateremka moja kwa moja. Inapendeza kutazama, ila usitazame ua linaloelea majini kuonyesha mzunguko. Tazama mkono unaomimina, maji yameingilia upande gani. Ni kweli mzunguko wa dunia hupindisha pepo na mikondo ya bahari, lakini karibu na ikweta athari hiyo inakaribia sufuri, na beseni huisha maji haraka mno. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alilazimika kuacha maji yatulie kwa saa 24 kwenye tangi la upana wa karibu mita 2 ndipo aone mzunguko huo, tena mbali kabisa na ikweta. Beseni lililomiminwa sasa hivi linafuata mmiminaji.

“Kilo ndiyo uzito.” Sokoni haina ubaya, kwenye mtihani inakula alama. Chukua mkungu wa matoke wa kilo 20. Kilo hizo ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo, na hazibadiliki hata ukiupeleka mwezini. Uzito ni kani ya dunia kuuvuta mkungu huo: Uganda ni karibu nyutoni 196. Mwezini, kwenye uvutano wa 1.62 kwa kila kilo, ni 32 tu. Mizani ya vitanga hulinganisha mkungu na mawe ya kupimia, nayo yanavutwa vilevile, basi itasema 20 popote. Ile ya springi, ya kuning'inizwa yenye uso kama saa, hupima mvuto peke yake. Mwezini mshale wake ungegota kwenye kilo 3 na kidogo, na muuzaji angelia.

“Kizito huanguka haraka.” Fenesi linavutwa kwa kani kubwa kuliko embe, sawa, lakini pia ni gumu zaidi kuliharakisha, na mambo hayo mawili yanafutana. Yaangushe pamoja kutoka tawi moja, yatatua karibu pamoja. Jani huchelewa kwa sababu ya hewa. Mwezini, kusiko na hewa, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwaka 1971, vikagusa ardhi kwa pamoja.

Halafu boda boda. Abiria hudhani breki ya ghafla inamsukuma mbele. Hakuna kinachomsukuma. Breki imeipunguza kasi pikipiki; yeye anaendelea na mwendo aliokuwa nao, mpaka mgongo wa dereva umzuie. Kreti ya soda iliyofungwa kwa mpira wa tyubu husimama pamoja na pikipiki kwa sababu mpira unaivuta nyuma. Isiyofungwa haina wa kuivuta.