Charley Pride hakuwa wa kwanza

Ukiuliza kuhusu Wamarekani Weusi katika muziki wa kantri, wengi watakutajia Charley Pride, kisha waongeze kuwa ndiye aliyefungua mlango. Pride alikuwa nyota kweli, hilo halina ubishi. Ila mlango huo DeFord Bailey alishaupita miaka 40 hivi kabla yake.

Bailey alizaliwa Tennessee mwaka 1899, akaugua polio utotoni, akabaki mfupi. Chombo chake kilikuwa hamonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kinachoenea kiganjani. Akikitia mdomoni, unasikia garimoshi la Pan American linakuja: magurudumu, honi, mwendo unaokolea, yote kwa pumzi ya mtu mmoja. Desemba 1927, redioni Nashville, alipomaliza tu kupiga, mtangazaji George D. Hay akakipa kipindi hicho cha muziki wa kantri jina lililodumu hadi leo: Grand Ole Opry.

Mwaka 1941 Bailey akaondolewa kwenye kipindi hicho, katikati ya mvutano wa haki za nyimbo. Akaishi kwa kung'arisha viatu mjini humo humo. Alifariki 1982. Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri ulimwingiza Pride mwaka 2000. Bailey, aliyetangulia, alisubiri hadi 2005.