Siku za mwisho: yanayosemwa Goma na yaliyoandikwa

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, una sababu zake za kuzungumzia mwisho wa dunia. Volkano yetu, Nyiragongo, ilitema moto mwaka 1977, ikarudia 2002 na 2021; Januari 2025 vita viliingia mjini. Mhubiri wa hapa hatafuti mifano mbali. Taabu ni kwamba mengi yanayohubiriwa yameokotwa njiani.

"Vita na volkano vimethibitisha: mwisho umefika."

Mathayo 24 husomwa sana kwetu, lakini mara nyingi huishia katikati ya mstari. Mstari wa 6 unataja vita na matetesi ya vita, kisha unasema: "angalieni, msitishwe… lakini ule mwisho bado." Yesu alikuwa akiwatuliza watu, na sisi tumeyageuza maneno yake kuwa king'ora. Wanaotaja tarehe ndio wamekosea zaidi. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walingoja tarehe 22 Oktoba 1844, ikapita. Mhubiri mwingine wa huko, Harold Camping, akataja 21 Mei 2011, nayo ikapita. Mstari wa 36 ulikuwa umeshawajibu wote: siku ile hakuna aijuaye, hata malaika.

"Lava hupita penye dhambi nyingi."

Hili bado linasemwa, tena na watu wazima. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, lava ikafuata mteremko hadi katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Ilichoma maduka na nyumba za watu, ikachoma pia kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kama ilikuwa ikichagua wenye dhambi, ilichagua ovyo. Katika Luka 13 Yesu aliulizia habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu mwenyewe, "Sivyo." Aliwataka wote watubu, lakini hakumtwika marehemu lawama.

"Bwana yuko karibu, kujenga ni kupoteza pesa."

Katika kanisa la kale la Thesalonike walikuwapo wa namna hiyo, na mtume Paulo hakuwabembeleza katika waraka wake: asiyetaka kufanya kazi, basi, asile. Goma yenyewe imejibu kwa vitendo. Watu walivunja mawe ya lava ileile wakajengea kuta.

"Tumaini letu ni kuondoka duniani kabla ya dhiki."

Hapa tuongee kwa upole, maana Wakristo hawakubaliani. Fundisho la kanisa kunyakuliwa, yaani waumini kuchukuliwa mbinguni, kabla ya dhiki kuu ya siku za mwisho lilienezwa na mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19. Makanisa mengi hayalifuati. Wanachokiri wote ni kurudi kwa Kristo na ufufuo wa wafu. Na katika Ufunuo 21, mji mtakatifu unashuka, Mungu anakuja kukaa na watu na kufuta machozi yao. Paulo naye, baada ya kueleza tutakavyomlaki Bwana, anamalizia, "farijianeni kwa maneno hayo." Mahubiri yanayowaacha watoto wakiogopa kulala hayajafika kwenye mstari huo.

"Anayetaka kina cha kiroho apande mlimani, afunge bila hata maji, aote ndoto."

Kufunga na kukesha ni vya zamani na vyema. Ila Isaya 58 inauliza mfungo huo umemlisha nani. Mimi nikiulizwa mtu wa kina kutoka mji huu, namtaja Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, aliyekuwa wa Sant'Egidio, jumuiya ya waumini Wakatoliki. Alisali na wenzake, akawahudumia watoto wa mtaani. Kazi yake ilikuwa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Aliletewa chakula kilichooza ili akipitishe, na rushwa juu yake. Akakataa, kwa kuwa kingewadhuru watakaokila. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, hatua iliyo kabla ya utakatifu, huko Roma. Utakatifu wake ulionekana kwenye mhuri ambao hakuugonga, na sidhani mkesha wowote ungeupima vizuri zaidi. Mkesha ungempa ujasiri, labda. Ndiyo kazi ya mkesha.

"Mwenye imani hakimbii."

Mei 2021 mamlaka ilipoagiza sehemu ya mji ihame, walikuwapo waliosema kuondoka ni kukosa imani. Lakini katika sura ileile ya Mathayo 24, Yesu ndiye aliyesema walio Uyahudi "wakimbilie milimani", tena waombe kukimbia kwao kusiwe wakati wa baridi. Amri ikitoka, fungeni mizigo, mshikeni bibi mkono mwende. Sisi tu wa Goma ndio itabidi tuelekee upande wa pili, kwa kuwa hapa mlima ndio unaotufukuza.