Kinyonga Anayefumba Macho Mchana: Kutambua Mwenendo Usio wa Kawaida

Vinyonga wa kufugwa huletwa kwa daktari wa wanyama wakiwa wamechelewa, na mara nyingi si kwa sababu wafugaji wao hawakuwajali. Kinyonga huishi peke yake na huwindwa na ndege na nyoka, hivyo maumbile yamemzoesha kuuficha udhaifu wake mpaka nguvu za kuuficha zimwishie. Siku mfugaji anapoona kwamba mnyama wake hayuko sawa, ugonjwa wenyewe unaweza kuwa na wiki kadhaa. Lugha yetu imemfanya mfano wa kigeugeu, lakini katika mazoea yake ya kila siku kinyonga mwenye afya hushika sana utaratibu. Ndiyo maana tunamwomba kila mfugaji aijue kwanza siku ya kawaida ya kinyonga wake: anaamka saa ngapi, anaota joto kwenye tawi lipi, anakula wadudu wangapi na analala wapi. Haya yote yachunguzwe kwa mbali bila kumshika, kwa kuwa kushikwa kwenyewe humbadilisha.

Rangi ndiyo hutazamwa kwanza, na ndiyo hueleweka vibaya zaidi. Wengi huamini kwamba kinyonga hugeuka ili afanane na mahali alipo, ilhali mabadiliko hayo hutokana zaidi na joto la mwili wake na hali ya moyo wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba seli za ngozi ya kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis, zina fuwele ndogo mno za guanini, kemikali ya asili ya mwilini: zikikaribiana huakisi buluu, ambayo pamoja na manjano ya ngozi huonekana kijani, na zikiachana anaposisimka, rangi husogea kuelekea manjano na nyekundu. Kinyonga mweusi asubuhi, aliyeuelekeza ubavu wake kwenye taa ya joto, anajipasha moto tu. Akibaki mweusi hadi adhuhuri ilhali joto amekwisha kulipata, ana maumivu au ana kinachomtisha, na yafaa kuangalia kama anamwona kinyonga mwingine au taswira yake mwenyewe kwenye kioo.

Yako mambo yanayowatisha wafugaji wapya bila sababu. Kuyumba mbele na nyuma anapotembea, mithili ya jani linalopeperushwa, ni mwendo wake wa asili. Kuwa na rangi iliyopauka usiku akiwa usingizini ni kawaida. Na jicho linaloweza kuvimba kwa muda mfupi huku akilisugua kwenye tawi, kisha likarudi lilivyokuwa, linasafishwa tu. Uvimbe ukidumu hadi kesho yake, hapo pana maambukizi au upungufu wa vitamini A.

Dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni kufumba macho mchana. Kinyonga ni mnyama wa mchana, na akiwa mzima macho yake hayatulii, kila moja likizunguka kivyake tangu taa inapowashwa hadi inapozimwa. Anayesinzia katikati ya siku anahitaji daktari, hata kama bado anakula. Macho yaliyozama huashiria ukosefu wa maji, na kinyesi huthibitisha: ile sehemu ya mkojo, ambayo kwa kawaida ni nyeupe, hugeuka kuwa ya manjano iliyokolea au rangi ya chungwa. Hapa wafugaji wengi hushangaa, kwa sababu bakuli la maji limejaa. Kinyonga hunywa matone yanayong'aa na kudondoka juu ya majani, na maji yaliyotulia anaweza asiyatambue kabisa.

Dalili nyingine ya mapema ni ulimi kukosa shabaha. Kinyonga anayemkosa nyenje mara kwa mara, au ambaye ulimi wake hautoki wote, huenda anapungukiwa na kalsiamu, kwani misuli huihitaji kama mifupa inavyoihitaji. Baadaye miguu hupinda, taya hulainika, vidole hushindwa kushika tawi na mwili hutetemeka. Chanzo mara nyingi ni taa ya UVB, yaani ile inayotoa mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Bila mionzi ya UVB ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu inayoliwa haifyonzwi ipasavyo. Tena taa hiyo huendelea kuangaza vizuri machoni petu muda mrefu baada ya mionzi yake kufifia, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, maana kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Kuachama mdomo chini ya taa ni kupunguza joto. Kuachama akiwa mbali na taa, pua ikielekezwa juu, huku pumzi ikikoroma au mapovu yakitoka, ni maambukizi ya njia ya hewa.

Jike huhitaji uangalizi wa pekee. Jike wa kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, hubeba mayai hata asipokutana na dume. Akianza kuzunguka bila kutulia na kukwangua sakafu ya tundu, awekewe chombo chenye mchanga wenye unyevu wa kina cha sentimita 30 hivi, kisha aachwe faraghani, kwani anayetazamwa anaweza kuliacha shimo lake. Akilala chini akiwa dhaifu bila kuchimba, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Asipewe vitamini za kubahatisha, kwa kuwa A na D3 hubaki mwilini na zikizidi hudhuru. Apimwe uzito kila wiki na uandikwe, na kinyesi kipya kihifadhiwe kikiwa na unyevu ili kichunguzwe vimelea. Irekodiwe pia video fupi akiwa kwenye tundu lake, kwa sababu hofu ya meza ya daktari humfanya kinyonga mgonjwa afumbue macho na kung'aa rangi, na dalili iliyomleta isionekane tena.