Faili zinazoanza na ~$ si virusi

Mwanafunzi wa Lubumbashi anachomeka flashi kwenye kompyuta ya sekretaria (duka la kuchapia hati), na kando ya «Sura ya pili.docx» anakuta faili nyingine yenye rangi hafifu: «~$ra ya pili.docx». Akiibonyeza, Word haiifungui. Wengi hapo husema ni virusi.

Faili hiyo imeundwa na Word yenyewe pale hati ilipofunguliwa. Ndani yake hamna maandishi yako. Kuna jina la mtumiaji aliyeifungua tu, ili mwingine kwenye mtandao huohuo ajue hati inatumika. Ukifunga hati vizuri, faili hiyo ya ~$ inafutika yenyewe. Umeme ukikatika au flashi ikichomolewa ghafla, inabaki, na Word inaweza kudai kuwa hati bado inatumika. Funga madirisha yote ya Word, kisha ifute hiyo ya ~$ bila wasiwasi. Kwa LibreOffice, faili ya kazi hiyohiyo huanza na «.~lock.».

Zenye mwisho wa .tmp ni jambo lingine, na hizo nakuomba usiziguse haraka. Unapohifadhi, Word haiandiki juu ya hati ya zamani. Inaandika hati nzima upya kwenye faili ya muda, kwa mfano «~WRD0000.tmp», ikimaliza ndipo inaondoa ya zamani na kuipa mpya jina lake. Flashi ikitolewa katikati ya shughuli hiyo, huenda kilichobaki cha memwari yako (kazi ya kumaliza masomo) ni hiyo .tmp peke yake. Inakili kwenye kompyuta, ubadilishe mwisho wake uwe .docx, ujaribu kuifungua. Mara nyingine inafunguka. Ndiyo maana tunawasihi wanafunzi wasifanye kazi moja kwa moja ndani ya flashi: nakili hati kwenye kompyuta, andika huko, ukimaliza irudishe.

Kuna pia nakala za uokoaji, zenye mwisho wa .asd. Word huziandika kila baada ya dakika 10, muda mrefu mno kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa. Kwenye Word ya Kifaransa ingia Fichier, Options, halafu Enregistrement, uweke dakika 2. Ila nakala hizo kwa kawaida hukaa ndani ya kompyuta ile uliyoitumia, haziji kwenye flashi yako. Umeme ukikatika ukiwa sekretaria, ukaenda nyumbani, kazi yako imebaki kule. Atakayewasha mashine na kufungua Word kwanza ndiye ataonyeshwa hati zilizookolewa: barua yako ya kuomba kazi, namba yako ya simu, vyote. Akizikataa, zinaweza kupotea kabisa.

Basi wenye sekretaria, umeme ukirudi fungueni Word ninyi wenyewe kabla ya mteja mwingine kukaa. Hifadhini kilichookolewa kwa jina la mwenyewe, mumpigie simu, na akishachukua, mkifute.