Kura ya Wamarekani Weusi haikuanza 1965

Kila nikitaja kwamba nasoma historia ya haki ya kura ya Wamarekani Weusi, mtu ananikatiza: "Si waliruhusiwa kupiga kura 1965?" Jamani, hapana.

Wanaume Weusi walihakikishiwa haki hiyo kikatiba mwaka 1870. Kusini waliitumia, wakachagua wabunge, kisha wakapokonywa. Louisiana ilikuwa na Weusi zaidi ya 130,000 kwenye daftari la wapiga kura mwaka 1896. Mwaka 1900 walibaki 5,320. Kodi iliyolipwa ili kuruhusiwa kupiga kura, mitihani ya kusoma, vitisho: hayo yanajulikana. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilivunja ukuta huo, na waandamanaji walimwaga damu yao Selma, Alabama, ili ipatikane. Siibezi hata chembe.

Kinachonikera ni tarehe hiyo kuifuta miji ya Kaskazini. Chicago Weusi walikuwa wakipiga kura muda wote huo. Mwaka 1915 walimchagua Oscar De Priest kuwa diwani. 1928 wakamchagua kuwa mbunge, wakati Bunge la Marekani halikuwa na Mweusi tangu 1901. Mtu ambaye kwao Mississippi kujiandikisha kungemgharimu uhai, Chicago alifuatwa mlangoni na makada wa chama wakiitaka kura yake.

Kura hiyo iliwapatia nini? Hapo ndipo kazi ilipo. William Dawson, mbunge wao tangu 1943 hadi 1970, alikivunia chama cha Democrats kura, akarudi na ajira kwa watu wake, huku ubaguzi wa nyumba na shule ukiendelea. Mimi mwenyewe nayumba: leo namwona ngao yao, kesho namwona pingu.

Kisha akaja Harold Washington, mwanasiasa Mweusi. Weusi zaidi ya 100,000 walijiandikisha upya, naye akashinda umeya Aprili 1983. Madiwani 29 kati ya 50 wakaungana kumpinga na kuhodhi kamati. Wakipitisha jambo, meya analizuia kwa kura ya turufu; kuitengua walihitaji madiwani 34, hawakuwa nao. Jiji likakwama hivyo hadi mahakama ilipoona kwamba mipaka ya kata iliwapunja Weusi na Walatino. Mwaka 1986 kata 7 zikarudia uchaguzi, baraza likawa 25 kwa 25, na meya ndiye mwenye kura ya kuvunja sare.

Kati ya 1983 na 1986 hakuna aliyepewa haki mpya ya kupiga kura. Kilichobadilika ni mistari kwenye ramani, na iliyowezesha kesi hiyo ni sheria ileile ya 1965, ambayo tangu marekebisho ya 1982 haikumtaka mlalamikaji athibitishe nia ya kubagua, bali matokeo tu.